Mbegu za Mawingu: Siku Saba kutoka Gangilonga hadi Kitulo

Siku ya kwanza: Iringa

Saa 11 jioni tulikuwa juu ya jiwe la Gangilonga, mimi na mpwa wangu, ambaye siku iliyotangulia alikuwa amekamilisha mitihani yake ya kidato cha nne na ambaye nilikuwa nimemwahidi dada yangu kumfikisha Tukuyu. Kwa basi la alfajiri safari hiyo huisha siku hiyo hiyo. Niliamua kuigawa katika siku saba kwa sababu ya swali ambalo kijana huyu aliniuliza mwezi wa nane, tukiwa kwenye marudio ya usiku, nami nikalijibu kwa haraka. Aliuliza, "Mjomba, wingu linaanzaje?" Nikamweleza kwamba jua hupasha maji, maji huwa mvuke, mvuke hupanda, hupoa, kisha huwa wingu. Jibu hilo limo katika madaftari ya wanafunzi wote na kila neno lake ni kweli, ila limeruka hatua moja ambayo bila hiyo anga la Nyanda za Juu Kusini lisingekuwa na wingu hata moja. Mvuke wa maji haufanyi tone la wingu mpaka upate kitu cha kujishikiza. Kitu hicho ni chembe, na zipo chembe zinazozaliwa huko huko angani kwa namna ambayo, tangu nilipoielewa, imebadilisha jinsi ninavyotazama asubuhi yenye jua.

Chini yetu mji ulikuwa umefunikwa na utando wa rangi ya majivu. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Novemba. Upande wa Mbeya na Rungwe mvua zilikuwa zimeanza, lakini Iringa ilikuwa bado kavu, na moshi wa mashamba yaliyochomwa kwa maandalizi ya kilimo ulikuwa umelala juu ya bonde la Ruaha Mdogo kama maziwa yaliyomwagika mezani. Nilimwambia kijana autazame moshi huo vizuri, kwa maana ungetusindikiza. Moshi, vumbi la barabarani na chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari ni chembe zinazoingia hewani zikiwa zimekwisha kuumbika. Kuna kundi la pili la chembe ambalo halikurushwa na jiko, shamba wala wimbi. Chembe hizo huanza zikiwa gesi. Molekuli hukutana na molekuli, hushikamana, huwa kichala kidogo, na kichala kikijaliwa hukua mpaka kikawa chembe kamili. Hesabu za modeli za angahewa ya dunia nzima zinaonyesha kwamba karibu nusu ya viini vinavyobeba matone ya mawingu vilianza maisha yao kwa njia hiyo.

Kabla jua halijazama nilitaka ashike vipimo. Unywele wa kichwa chake una unene wa nanomita 70,000 hivi. Kichala kinachozaliwa kina upana wa nanomita 1 au 2. Ili kiweze kubeba tone la wingu, kwa kawaida kinapaswa kufikia nanomita 50 hadi 100. Umbali huo, ambao kwa macho yetu si kitu, huchukua saa nyingi kuvuka, na chembe zilizo nyingi hufa changa njiani. Chanzo kikubwa cha vifo hivyo kilikuwa kimetandazwa pale chini yetu, rangi ya majivu, kutoka Ipogolo mpaka tusipoona tena.

Siku ya pili: Mafinga na Sao Hill

Tulifika Mafinga saa 4 asubuhi na tukapata pikipiki ya kutupeleka kwenye msitu wa kupandwa wa Sao Hill, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya kupandwa ya Serikali nchini. Safu za misindano, ambayo wapasuaji mbao huiita paina, zilikuwa zimenyooka kushoto na kulia hadi mwisho wa upeo. Mlinzi alitupokea kwa "Kamwene," akasikia dhamira yetu, akatuelekeza kwenye kitalu ambako utomvu ulikuwa ukigemwa.

Pale ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote katika safari hii. Mama mmoja wa makamo alikuwa akichonga gome kwa chuma kifupi chenye makali, akaacha mfereji mwekundu uliolegea kwa chini, kisha akakaza mfuko wa plastiki mahali utomvu utakapodondokea. Kwenye mti wa jirani mfuko wa zamani ulikuwa umejaa nusu: kitu kizito, cheupe kama uji wa muhogo kwa juu na chenye rangi ya asali kwa chini, na ndani yake nzi wawili waliozama. Mpwa wangu alimwamkia, "Shikamoo mama," akanyoosha kidole.

"Marahaba mwanangu. Usiguse, sabuni haitoi hiyo. Utatafuta mafuta ya taa."

Aligusa. Nami nikaona ni vema, kwa sababu harufu iliyobaki kidoleni mwake mpaka jioni ndiyo malighafi niliyokuwa nimemleta kuifahamu. Sehemu kubwa ya harufu ya misindano ni familia ya gesi ziitwazo monoterpeni, na mashuhuri kati yake ni alfa-pineni, ambayo mafundi wa rangi wanaijua bila kulijua jina lake kwa kuwa ndiyo iliyojaa katika tapentaini. Molekuli yake ina atomi 10 za kaboni na 16 za haidrojeni. Ni nyepesi kiasi kwamba jani linapopata joto la jua huiachia, nayo huondoka na upepo.

Inapokutana na ozoni hewani, hubadilika kwa namna ya ajabu. Ozoni huivunja mahali pamoja, na kutokana na mvunjiko huo molekuli huanza kujichukulia oksijeni yenyewe, atomi kadhaa mfululizo, katika muda wa sekunde chache tu. Jambo hili lilielezwa kwa uwazi mwaka 2014 na watafiti wakiongozwa na Mikael Ehn. Matokeo yake ni molekuli nzito yenye kunata. Nilimfananishia kijana spiriti na asali: ukimwaga spiriti mezani inaruka yote, ukimwaga asali inabaki. Alfa-pineni iliondoka kwenye jani ikiwa na tabia ya spiriti, na baada ya sekunde chache imepata tabia ya asali. Haiwezi tena kuishi kama gesi. Inatafuta cha kushika, na isipopata chembe ya kukalia hushikana na wenzake wa namna yake.

Kwamba molekuli hizi za msituni peke yake zinatosha kuzaa chembe mpya, bila msaada wa asidi yoyote kutoka viwandani, kulithibitishwa mwaka 2016 katika jaribio liitwalo CLOUD, lililopo CERN, kituo cha utafiti wa fizikia karibu na Geneva. Huko wana tangi la chuma cha pua lenye ujazo wa mita 26 za ujazo, lililosafishwa kwa uangalifu mkubwa, ambamo huingiza gesi moja moja kwa vipimo hafifu vya angani na kuhesabu chembe zinazozaliwa. Walipoingiza alfa-pineni na ozoni, chembe zilizaliwa. Walipopitisha ndani ya tangi miale ya mfano wa ile itokayo anga za mbali, ambayo huacha hewani ioni, yaani molekuli zenye chaji ya umeme, kasi ya kuzaliwa iliongezeka kati ya mara 10 na mara 100, kwa sababu chaji ya umeme hukishikilia kichala kisisambaratike kabla hakijapata nguvu. Maana yake ni kwamba kabla ya kiwanda cha kwanza kujengwa duniani, misitu ilikuwa tayari ikijitengenezea mbegu za mawingu yake.

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na milingoti, yaani mikaratusi, na tofauti ya miti hii si ya sura tu. Milingoti, pamoja na miti mingi ya majani mapana, hutoa kwa wingi gesi ndogo zaidi iitwayo isopreni, yenye atomi 5 za kaboni. Majaribio ya mimea yaliyofanyika Jülich nchini Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba isopreni inapozidi, kuzaliwa kwa chembe mpya hupungua. Kwa hiyo harufu nzuri ya msitu haitoshi kutuambia kama msitu huo unazaa chembe; yapasa kuuliza ni harufu ya mti gani.

Saa 10 jioni, tukitazama kusini kutoka kwenye mwinuko, vilima vya mbali vilikuwa na rangi ya samawati. Mwaka 1960 mtaalamu wa mimea Frits Went aliandika kwamba ukungu wa samawati unaoonekana juu ya misitu unatokana na mivuke ya mimea iliyogeuka chembe ndogo mno, ndogo kiasi cha kutawanya mwanga wa samawati kuliko mwanga mwekundu. Nilimwonyesha mpwa wangu samawati ile, kisha nikamwonyesha, chini yake kidogo, mstari wa kahawia wa moshi.

Siku ya tatu: Makambako, Usangu, Mbeya

Siku hii ilikuwa ya barabara. Upepo wa Makambako ulikuwa na vumbi, na baada ya kushuka kuelekea Igawa bonde lote la Usangu lilikuwa limefifia kwa moshi. Malori yaliyobeba shaba kutoka Zambia na Kongo yalitupita yakielekea Dar es Salaam, nami nikapata nafasi ya kutaja salfa: madini ya shaba yenye salfa yanapoyeyushwa hutoa dioksidi ya salfa, kama vile makaa ya mawe na volkano zinavyotoa, na gesi hiyo ndiyo mama wa asidi ya salfuriki angani, ambayo mvuke wake nao unaweza kuzaa chembe.

Karibu na Chimala basi lilipasuka tairi. Tulishuka wote, na wakati utingo akihangaika na jeki nilimweleza kijana kwa nini katika hewa kama ile ya Usangu siku ile chembe mpya hazizaliwi kwa urahisi. Mvuke wenye kunata, uwe wa asidi au wa msituni, hauchagui. Ukikuta chembe kubwa ya moshi au vumbi hutua juu yake na kazi imekwisha. Katika hewa safi molekuli ya asidi ya salfuriki inaweza kuzunguka dakika 10 na zaidi kabla haijanaswa, muda wa kutosha kukutana na wenzake. Katika hewa iliyojaa moshi hunaswa ndani ya dakika moja au mbili. Hata kichala kilichowahi kuzaliwa hakipo salama, kwa kuwa kitu kidogo hivyo hurukaruka kwa kasi kwa kusukumwa na molekuli za hewa, na katika kurukaruka huko hugonga chembe kubwa kikamezwa. Moshi nao hutoa viini vya mawingu, tena vingi. Lakini unapokuwepo huyanyima mazingira nafasi ya kuzaa vyake.

Mvua ilitukuta pale pale kabla tairi halijafungwa. Ilinyesha kwa muda wa saa moja na nusu, mvua nzito ya kwanza ya msimu kwa sehemu ile, na ilipokatika ukuta wa milima upande wa Matamba, ambao hatukuwa tumeuona kabisa, ulisimama mbele yetu na makorongo yake yote kana kwamba umechorwa kwa kalamu. Kijana alisema, "Mjomba, hewa imeoshwa." Alikuwa sahihi kwa maana kamili ya neno hilo.

Siku ya nne: Mbeya

Tulifikia kwa rafiki yangu wa chuo anayekaa Forest ya Zamani, mwenye watoto wanne, na kwa sababu yao nilifanya jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Nilichukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, angavu na safi, nikatia kijiko cha maji ya vuguvugu, nikafunga kizibo na kuitikisa. Kisha nikaiminya kwa nguvu na kuiachia ghafla. Hewa iliyobanwa ikiachiwa hupanuka, ikipanuka hupoa, na ikipoa mvuke wake huzidi kiwango cha kushiba, yaani kiasi ambacho hewa ya joto hilo inaweza kubeba. Ndani ya chupa kulitokea ukungu hafifu, uliokuwa ukipungua kila niliporudia, mpaka watoto wakabishana kama upo au haupo.

Nikafungua kizibo, nikawasha njiti ya kiberiti, nikaizima, nikaacha ncha yake yenye moshi iingie mdomoni mwa chupa kwa nukta mbili hivi, nikafunga. Nilipoiminya na kuiachia, chupa iligeuka nyeupe. Binti mdogo wa nyumba ile, wa darasa la pili, aliinyakua mkononi mwangu na kuiminya yeye: wingu likatoweka. Akaachia: likarudi. Alifanya hivyo, nadhani, mara 30, akiwa kimya kabisa.

Maji yalikuwa yale yale, joto lile lile na chupa ile ile. Kilichoongezeka ni chembe. Jaribio la namna hii lilifanywa kwa mara ya kwanza na Mfaransa Coulier mwaka 1875, na miaka mitano baadaye Mskoti John Aitken alilifikia kwa njia yake mwenyewe na kulisukuma mbele zaidi, akatengeneza hata chombo cha kuhesabu chembe za hewani kwa kuzigeuza matone yanayoonekana. Mskoti mwingine, C. T. R. Wilson, aliyekuwa amekaa kwa muda mwaka 1894 kwenye kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis na kupendezwa mno na mawingu ya pale, alirudi maabara akachuja hewa mpaka isibaki na chembe. Aligundua kwamba hewa safi hivyo inahitaji mvuke wa takriban mara nne ya kiwango cha kushiba ili ioni zibebe matone, na karibu mara nane ikiwa hakuna hata ioni. Kutokana na kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Mawingu halisi huumbika mvuke ukizidi kiwango cha kushiba kwa chini ya asilimia 1. Tofauti hiyo kubwa ndiyo kazi inayofanywa na chembe.

Sababu yake ni mviringo. Juu ya maji yaliyotulia kwenye beseni, kila molekuli imeshikwa na majirani wengi. Juu ya tone dogo sana uso umepinda, majirani ni wachache, na molekuli huponyoka kwa urahisi. Tone likizidi kuwa dogo, maji huondoka haraka kuliko yanavyofika. Chembe humpa mvuke uso mpana wa kuanzia, na kama chembe yenyewe inayeyuka majini, hushikilia maji zaidi. Kanuni hiyo hiyo inakitesa kichala kipya cha nanomita 1: mivuke mingi ya msituni haiwezi kutulia juu yake kwa sababu umepinda mno uso wake, na ni ile mizito kupita yote tu inayoweza kukilea katika saa zake za kwanza. Kikifika nanomita 5 au 10, mivuke mingine huanza kukubali, na ukuaji hushika kasi.

Siku ya tano: Loleza

Usiku ilinyesha. Saa 12 asubuhi tulianza kupanda Loleza, mlima wenye urefu wa mita 2,656 unaousimamia mji wa Mbeya, na saa 4 tulikuwa juu, jua likiwa kali na hewa ikiwa safi mpaka tuliona safu ya Uporoto na, nyuma yake, bega la mlima Rungwe. Nilikuwa nimeisubiri siku ya namna hii tangu Gangilonga.

Kiwanda cha angani huendeshwa na jua. Mwanga wake wa urujuanimno huivunja ozoni, kipande cha oksijeni kilichochangamka hukutana na mvuke wa maji, na huzaliwa radikali ya haidroksili, kitu kikali kinachoishi kwa takriban sekunde moja kabla hakijakamata gesi nyingine. Kikiikamata dioksidi ya salfa, mwisho wake ni asidi ya salfuriki katika umbo la gesi. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za dunia chembe mpya huzaliwa kati ya saa 3 asubuhi na saa 7 mchana, jua linapopanda, na mara chache sana usiku. Siku inayofaa ni ile yenye jua kali, gesi za kutosha na chembe chache za zamani, yaani asubuhi inayofuata mvua.

Milima ina nafasi yake ya pekee katika jambo hili. Jua likipasha miteremko, hewa ya bondeni hupanda ikiwa imebeba gesi za misitu, za mashamba na za majiko, na hapo juu hukutana na hewa baridi yenye chembe chache. Katika kituo cha Jungfraujoch huko Uswisi, mita 3,580 juu ya usawa wa bahari, watafiti walionyesha mwaka 2016 kwamba kuzaliwa kwa chembe hutokea zaidi siku moja au mbili baada ya hewa ya juu kugusana na ile ya chini, muda unaozipa gesi nafasi ya kuoksidika. Chacaltaya nchini Bolivia, kwenye mita 5,240, ni mahali pengine ambapo matukio haya hutokea katika siku zilizo nyingi za mwaka. Afrika Mashariki ina kituo cha kuangalia angahewa ya dunia kwenye mteremko wa Mlima Kenya, mita 3,678, na ninatamani kwa moyo wote siku moja kuona chombo cha kuhesabu chembe za nanomita 2 kikiwekwa pia juu ya mojawapo ya milima hii ninayoiona kila likizo.

Saa 5 na nusu vijiwingu vidogo vya kwanza vilianza kuchomoza juu ya Uporoto. Mpwa wangu aliuliza kama hivyo ndivyo vilivyobebwa na chembe zilizozaliwa asubuhi ile. Nilimjibu kwamba haiwezekani. Chembe hukua kwa nanomita 2 au 3 kwa saa katika sehemu nyingi, na pengine hufikia 10 au zaidi palipo na joto na mivuke mingi. Kwa kasi hiyo mtoto wa asubuhi ya leo atabeba tone kesho, au keshokutwa, akiwa amekwisha kusafirishwa na upepo mamia ya kilomita. Vijiwingu vile vilikuwa vya chembe za siku zilizopita, na nyingi kati yake zilikuwa za moshi.

Siku ya sita: Tukuyu

Dada yangu alitupokea kwa "Ugonile" na chakula, na mvua ikanyesha tangu saa 7 hadi usiku, kama inavyonyesha Tukuyu. Barazani, migomba ikiwa imetuzunguka, nilimchorea kijana mchoro ambao watafiti wa angahewa wanautambua mara moja. Mwanzoni mwa mwaka 1996, katika kituo cha msituni cha Hyytiälä nchini Finlandi, Markku Kulmala na wenzake walianza kupima mfululizo, usiku na mchana, chembe za kila ukubwa. Ukichora saa kwa mlalo na ukubwa wa chembe kwa wima, siku ambayo kumetokea uzazi huonyesha rangi nzito inayoanzia chini karibu na nanomita 3 mnamo asubuhi na kupinda polepole kuelekea juu mpaka jioni. Umbo hilo wao wenyewe wanaliita ndizi. Mteremko wa ndizi ndiyo kasi ya kukua, na unene wake unaeleza wingi wa waliozaliwa. Dada yangu, ambaye alikuwa akimenya matoki kwa ajili ya jioni, aliuangalia mchoro na kuuliza, "Na ndizi ikikatika katikati?" Ni swali zuri. Hukatika upepo unapobadilika na kuleta hewa nyingine, au mvua inapoanguka.

Mvua yenyewe ina upande wa pili. Juu ya msitu wa Amazoni chembe mpya ni nadra karibu na ardhi, ingawa hewa ya pale ni safi. Tafiti za ndege zilizochapishwa mwaka 2016 na kufuatiwa na nyingine mwaka 2024 zilionyesha kwamba isopreni, ile ile inayozuia uzazi chini, hunyanyuliwa usiku na mawingu makubwa ya radi mpaka kwenye baridi kali ya juu, na jua likichomoza huoksidika, hukutana na oksidi za nitrojeni zilizotokana na radi, na kuzaa chembe kwa wingi. Kisha hewa inayoteremka pamoja na mvua huzirudisha chini. Baada ya hapo tuliisikiliza mvua ya Tukuyu bila kusema mengi.

Siku ya saba: Kitulo

Dada aliniruhusu niongeze siku moja na mwanawe. Tulipita njia ya Isyonje tukapanda hadi uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600, ambao mwaka 2005 ulifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya maua yake. Baridi ilikuwa kali na pumzi zetu zilionekana. Upande wa shamba la mifugo ng'ombe wa maziwa walikuwa wamesimama kwenye nyasi zenye umande, na karibu na zizi harufu ya mkojo ilichoma pua.

Harufu hiyo ilikuwa kipande cha mwisho nilichokuwa nacho. Ni amonia, na amonia ni besi. Asidi ya salfuriki ikiwa peke yake hushikamana kwa shida, kwani vichala vyake huvunjika upesi. Besi ikiingia kati, asidi humwachia protoni yake na kichala hukaza. Hata hivyo jaribio la CLOUD lilionyesha mwaka 2011 kwamba asidi, maji na amonia pamoja hutoa kati ya sehemu ya kumi na sehemu ya elfu tu ya chembe zinazohesabiwa katika hewa ya chini. Miaka miwili baadaye walijaribu amini, ndugu wa amonia ambao nao hutoka kwenye mifugo, na wakakuta kwamba molekuli chache mno, zaidi kidogo ya 3 kwa kila molekuli trilioni za hewa, huongeza kasi ya uzazi zaidi ya mara elfu ikilinganishwa na amonia. Kijana aliwatazama ng'ombe kwa muda, kisha akauliza kama zizi linaweza kusaidia kutengeneza wingu. Nilimwambia kwamba zizi, misindano ya Sao Hill na salfa ya mbali vyote vina sehemu.

Saa 6 mchana ukungu ulianza kupanda kutoka upande wa Ziwa Nyasa, ukajaza mabonde, ukafurika juu ya ukingo wa uwanda na kutufikia. Katika dakika tano hatukuona tena zizi. Kwenye sweta la sufu la mpwa wangu, kila unyoya ulibeba safu ya vitone vyeupe. Nilimwonyesha kimoja na kumwambia kwamba kile tayari ni muungano wa vingi, kwa sababu tone la wingu lenyewe lina upana wa maikromita 10 au 20 tu na inahitajika takriban milioni moja kufanya tone moja la mvua. Na kwamba viini vikiwa vingi maji yale yale hugawanywa kwa matone mengi madogo zaidi, wingu huwa jeupe zaidi na mvua huchelewa. Alikunja mkono wa sweta karibu na jicho lake na kutazama bila kupumua, ili asivipeperushe.

Tulibaki ndani ya wingu mpaka saa 8, lilipoanza kunyesha.